Kumiksi na Kumasta Wimbo Uliorekodiwa Nyumbani: Mwongozo Unaoanzia kwenye Maneno

Msikilizaji wa Kiswahili akipigiwa wimbo mgeni, mara nyingi swali lake la kwanza ni "Hapo anasema nini?" Atauvumilia mdundo wa kawaida na gitaa lisilo na maajabu, lakini akishindwa kushika mashairi ataachana na wimbo huo upesi. Chukua maneno mawili, "hatakuja" na "atakuja". Kinachoyatenganisha ni pumzi fupi ya herufi h, ambayo ni miongoni mwa sauti dhaifu kabisa zinazotoka kinywani. Matoazi na gitaa la rithimu vikiifunika pumzi hiyo, mwimbaji aliyekata tamaa anageuka kuwa mwimbaji mwenye matumaini, na kibwagizo chote kinapotea njia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na sauti ya mwimbaji, ingawa mafundi wengi wa studio huanza na dramu, na kila hatua nimeipima kwa swali hilo moja la kama maneno yanasikika.

Kumiksi ni kuchanganya traki zote za wimbo, yaani rekodi ya kila ala na kila sauti peke yake, mpaka ziwe kitu kimoja chenye mizani, na kumasta ni kazi ya mwisho inayofanywa juu ya mchanganyiko uliokwisha kukamilika, ili wimbo uwe na ukubwa wa sauti unaofaa na uweze kupelekwa kwa wasikilizaji. Mfano nitakaoutumia ni wimbo wa dansi wenye mwendo wa rumba, uliorekodiwa kwenye chumba cha kulala: mwimbaji mmoja, waitikiaji wawili, gitaa la solo, gitaa la rithimu, gitaa la besi, tumba, na dramu zilizopangwa kwenye kompyuta. Anayefanya bongo fleva, taarabu au kwaya atapita njia hiyohiyo, akibadilisha majina ya ala tu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kompyuta, kadi ya sauti ya nje yenye viingilio viwili, maikrofoni, hedifoni nzuri zinazofunika masikio, na programu ya kurekodia. Reaper inaruhusu kujaribiwa kwa siku 60 kabla ya kununuliwa, na leseni yake ya watu binafsi ni dola 60, kwa hiyo haina haja ya kuibiwa. Ikwalaiza (ya kuongeza au kupunguza sauti nzito na nyembamba), kompresa (ya kubana sauti zilizo kubwa mno) na mwangwi unaokuja ndani ya programu ya namna hiyo vinatosha kabisa kwa kazi yote inayoelezwa hapa. Nimewaona vijana wengi wakikusanya plagini za wizi (programu ndogo za ziada za kurekebishia sauti) kwa mamia huku wakiwa hawajaielewa hata moja, na kompyuta zao zikiambulia virusi.

Hatua ya kwanza: rekodi isiyohitaji kuokolewa

Hakuna ikwalaiza inayoweza kuondoa jogoo wa jirani. Zima feni na friji, subiri pikipiki zipungue barabarani, na ikiwa nyumba yako ni ya bati usianze kurekodi sauti wingu likiwa limeshafunga. Chumba kitupu chenye kuta za saruji kinarudisha sauti kwa ukali ambao hautatoka tena kwenye rekodi, kwa hiyo simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, tundika mablanketi mazito pande mbili, au mweke mwimbaji aelekee kabati lililo wazi lenye nguo nyingi. Mahali pa kuweka blanketi kwanza ni nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa huko ndiko maikrofoni inakoelekea.

Mwimbaji akae umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na katikati pawe na kizuizi cha pumzi. Nyimbo zetu za mapenzi zimejaa "penzi", "pendo" na "pole", na kila p inapuliza upepo unaoigonga maikrofoni kama kofi. Soksi ndefu nyepesi ya kike iliyovutwa juu ya waya uliokunjwa duara inafanya kazi hiyo vizuri. Maikrofoni ikiwekwa pembeni kidogo ya mdomo, badala ya kutazamana nao moja kwa moja, p hizo hupungua zaidi.

Weka programu kwenye biti 24 na sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, au 44,100 ikiwa kompyuta yako inalemewa. Kila biti inaongeza takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa hiyo biti 16 zinatoa desibeli 96 hivi na biti 24 zinatoa 144. Maana yake ni kwamba huna sababu ya kurekodi kwa nguvu mpaka taa nyekundu ziwake. Vilele vya sauti vikifika kati ya desibeli −12 na −8 kwenye kipimo cha programu, ambako 0 ndiyo kikomo, umefanya vyema, na mwimbaji akipandisha ghafla kwenye kiitikio, sauti haitapasuka.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma chini ya gitaa, tambua kwamba umeme wa gridi wa Afrika Mashariki unaenda kwa Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo huo hujitokeza kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri, kisha usikilize kama umepungua. Ikiwa bado upo, mwambie mpiga gitaa ajigeuze taratibu akiwa amekaa, kwa sababu vinasa vya baadhi ya magitaa hupokea mvumo zaidi vikielekea upande fulani. Kumaliza tatizo hilo hapo kunachukua dakika tano, ilhali kulitafuta baadaye ndani ya miksi kunakula jioni nzima.

Tumba zikirekodiwa kwa maikrofoni mbili, angalia kwamba umbali kati ya maikrofoni hizo ni angalau mara tatu ya umbali wa kila moja kutoka kwenye ngozi ya tumba yake. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa elfu moja ya sekunde, na inapozifikia maikrofoni mbili kwa nyakati tofauti, baadhi ya masafa (viwango vya uzito au wembamba wa sauti, vinavyopimwa kwa Hz) hujifuta yenyewe: tofauti ya sentimita 34 inatoboa shimo kwenye Hz 500, ndani ya sauti za tumba zenyewe.

Hatua ya pili: kupanga meza kabla ya kupika

Zipe traki zote majina yanayoeleweka, zipange kwa makundi ya sauti, magitaa, na midundo, na ukate sehemu ambazo hakuna anayepiga wala kuimba, ukiacha pumzi za mwimbaji kabla ya mistari kwa sababu pumzi hizo ni sehemu ya uimbaji. Weka kufifia kidogo kila mahali ulipokata ili pasisikike mdonyoo. Kama kuna noti iliyotoka nje ya tuni au pigo lililochelewa, lirekebishe sasa, au bora zaidi mwite mwimbaji arudie mstari huo.

Nakili folda yote ya rekodi ghafi kwenye diski nyingine kabla ya kugusa kitelezi chochote (kidhibiti cha ukubwa wa sauti ya traki), na washa hifadhi ya kila dakika 5. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili za kazi umeme ulipokatika na betri ya kompyuta ikiwa imechoka, na mwimbaji aliporudi kurekodi upya hakuweza tena kuuimba ubeti wa pili kwa machungu yale ya mara ya kwanza.

Hatua ya tatu: kukijua chumba unachosikilizia

Chumba cha upana wa mita 3 kina tabia ya kuikuza sauti yenye masafa ya karibu Hz 57, kwa kuwa nusu ya wimbi la sauti hiyo inaenea sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta. Ukikaa karibu na ukuta utaisikia besi ikinguruma hata kama kwenye wimbo ni ya wastani, na ukikaa katikati kabisa ya chumba noti hiyohiyo inaweza kuyeyuka. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, maana pande zote zinakuza masafa yaleyale. Ndiyo asili ya malalamiko ya kawaida kwamba "nyumbani ilikuwa tamu, kwenye gari besi imepotea".

Tiba ya bei nafuu ni kutumia hedifoni kuamua mambo ya sauti nzito, na spika ndogo kuamua mizani ya ala. Spika zikiwepo, ziweke ili zifanye pembetatu ya pande sawa na kichwa chako, zikiwa zimesogezwa kutoka pembeni mwa chumba. Halafu chagua nyimbo mbili za mtindo wako ambazo unajua zinasikika vizuri kila mahali, ziingize kwenye programu yako, na uzishushe mpaka ukubwa wake ulingane na miksi yako. Usipozishusha utadanganyika, kwa kuwa wimbo uliokwisha mastiwa utakuwa na kelele kuliko wako na sikio hudhani kilicho kikubwa ndicho kizuri.

Mwaka 1933 Fletcher na Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote sawasawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo tunapungukiwa sana na usikivu wa besi. Kwa mchanganyaji wa nyumbani jambo hili lina matokeo mawili. Ukimiksi kwa kelele, besi itaonekana tele na utaipunguza kupita kiasi, na masikio yatachoka ndani ya saa moja. Kwa hiyo fanya kazi kwa sauti ambayo mtu aliyekaa kando yako anaweza kuzungumza nawe bila kupaza, kisha pandisha kwa dakika chache tu unapohakiki sauti nzito.

Hatua ya nne: mizani kwa vitelezi peke yake

Hapa ndipo wimbo unapopatikana au kupotea, na nashauri utumie saa nzima bila kufungua plagini hata moja. Shusha vitelezi vyote, geuza programu iwe mono (sauti zote mahali pamoja, bila kushoto na kulia), na upandishe sauti kuu peke yake mpaka ikae karibu na −12 kwenye kipimo kikuu. Sasa iongeze besi mpaka uisikie ikibeba sauti bila kuisukuma. Fuatisha dramu kubwa ya mguu, kisha tumba, kisha rithimu, na solo iwe ya mwisho. Kila unapoongeza ala, sikiliza mstari mmoja wa ubeti mgumu kuliko yote na ujiulize kama mgeni angeweza kuuandika. Neno likizama, aliyeingia mwisho ndiye anayerudi nyuma.

Kwenye muziki wa dansi kazi hii ina utamu wake, kwa kuwa magitaa yenyewe yamepangwa yapishane: rithimu inazunguka, solo inajibu pale mwimbaji anaponyamaza. Enzi za Redio Tanzania bendi ziliingia studio na kupiga kwa pamoja, wimbo ukatoka kama ulivyopigwa, hivyo mizani ilitengenezwa na wanamuziki wenyewe kwa kusikilizana. Ukiona kwamba solo inagombana na mwimbaji kwenye kila mstari, tatizo huenda ni la upangaji wa wimbo, na dawa yake ni kufuta noti za solo hapo badala ya kutafuta ikwalaiza.

Mizani ikishakaa, kipimo kikuu kisipite −6 kwenye vilele. Kikipita, shusha traki zote kwa pamoja kwa kiasi kilekile.

Baada ya hapo ondoa mono na utawanye ala. Sauti kuu, besi na dramu ya mguu zibaki katikati. Rithimu iende kushoto kiasi cha asilimia 50 hadi 70, solo iende kulia kwa kiasi kama hicho, na waitikiaji wawili wakae kila mmoja upande wake. Rudi kwenye mono mara kwa mara, kwa sababu wimbo wako utasikilizwa kwenye spika moja ya simu, kwenye redio ya dukani, na kwenye daladala ambamo abiria wa kiti cha nyuma anasikia spika ya upande mmoja tu. Ala inayopotea unapobonyeza mono ina traki mbili zinazofutana, nawe jaribu kugeuza polariti ya moja kati ya hizo, yaani kulipindua wimbi lake la sauti juu chini.

Hatua ya tano: ikwalaiza

Anza kwa kuondoa kisichohitajika. Kwenye sauti ya mwimbaji kata kila kitu kilicho chini ya Hz 80, au 100 kwa mwanamke, kwa kuwa huko kuna mitetemo ya sakafu na mabaki ya p tu. Magitaa ya solo na rithimu yanaweza kukatwa chini ya 100. Traki kumi zikiwa na takataka kidogo kila moja, besi haitapata mahali pa kukaa.

Kati ya Hz 200 na 400 ndimo unamokaa ukungu wa rekodi za vyumbani. Punguza desibeli 2 au 3 kwenye sauti, kwenye rithimu na kwenye tumba, ukitafuta mahali panapolia kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Usikate sana, maana hapo ndipo palipo na joto la sauti ya binadamu.

Ufasaha wa maneno unakaa kati ya Hz 2,000 na 5,000, na bahati mbaya gitaa la solo nalo linapenda makao hayohayo. Njia ninayoipendelea ni kupunguza desibeli 2 hadi 3 za solo na rithimu kwenye 3,000 hivi, kabla ya kufikiria kuongeza chochote kwenye sauti. Ukiongeza sauti peke yake, s na sh zitachoma masikio. Ukali wa herufi hizo kwa kawaida unapatikana kati ya 5,000 na 8,000, na kuna plagini maalumu ya kuzishusha pale zinapotokea tu. Itumie kwa huruma, kwa sababu ikizidi, mwimbaji ataonekana ana kithembe na "shida" itasikika kama "sida".

Besi inahitaji maelezo marefu kidogo. Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne ukipigwa wazi unatoa Hz 41, na spika ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti hiyo. Hata hivyo kila noti ina sauti zake za juu zinazoongezeka kwa hesabu, 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wetu ukizisikia hizo za juu hukamilisha noti ya chini isiyokuwepo. Kwa hiyo besi ya kusikika kwenye simu hutengenezwa kwa kuichafua kidogo, yaani kuipitisha kwenye plagini ya kukwaruza kwa kiwango kidogo sana ili sauti zake za juu ziongezeke, na kwa kuinua desibeli 2 karibu na Hz 700 hadi 1,000, ambako vidole vinasikika vikigusa nyuzi. Kuongeza Hz 50 hakutasaidia lolote kwenye simu, na kwenye gari lenye spika kubwa kutaufanya wimbo ungurume. Besi na dramu ya mguu zigawane: kama dramu ina nguvu kwenye 60, iache besi itawale kuanzia 80 hadi 100, au kinyume chake.

Hatua ya sita: kuiweka sauti mbele bila kuikaba

Kiswahili kina tabia mbili zinazomsumbua mchanganyaji. Mkazo wa neno unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo silabi ya mwisho hudondoka, na mwimbaji aliyeishiwa pumzi huimeza kabisa. Tena, viambishi vinavyobeba maana, ni, a, u, ha, si, viko mwanzoni mwa neno ambako mwimbaji bado anajiandaa kuuendea mkazo. Matokeo yake ni kwamba katikati ya neno ni kubwa huku kichwa na mkia ni vidogo, na kichwa ndicho kinachotuambia nani alimwacha nani.

Kabla ya kompresa, pitia sauti mstari kwa mstari ukiinua kwa mkono silabi zilizozama. Pandisha "ha" ya "hatakuja" kwa desibeli 3 au 4. Inua silabi ya mwisho ya kila mshororo iliyobeba kina, kwa sababu msikilizaji aliyelelewa na mashairi anaisubiri. Wimbo wa dakika 4 utakuchukua saa moja au mbili, na hakuna kazi nyingine katika mwongozo huu inayolipa kuliko hiyo.

Kompresa ije baada ya hapo, ikiwa na kazi nyepesi. Kompresa hushusha sauti inayovuka kizingiti ulichokiweka, kwa uwiano unaouchagua. Chukua kizingiti cha −18 na uwiano wa 3 kwa 1: sauti ikifika −6 imevuka kwa desibeli 12, zinaruhusiwa 4 tu, hivyo inatoka ikiwa −14 na punguzo ni desibeli 8. Hilo ni kubwa kwa rumba ya taratibu. Pandisha kizingiti hadi −12, na sauti ileile itakuwa imevuka kwa 6, itaruhusiwa 2, na punguzo litakuwa 4, ambalo linafaa. Muda wa kushika uwe milisekunde 10 hadi 20 ili konsonanti za mwanzo zipite kabla kompresa haijabana, na muda wa kuachia uwe kati ya 60 na 120. Ukisikia pumzi za mwimbaji zimekuwa kubwa kama upepo wa pwani, umebana mno.

Besi inaweza kubanwa zaidi ili noti zote zilingane. Tumba ziache zicheze. Mkono wa mpiga tumba una lugha ya mapigo makubwa na madogo, na kompresa nzito inaisawazisha lugha hiyo mpaka inakuwa kama mlio wa saa ya ukutani.

Hatua ya saba: mwangwi na dilei

Usiweke mwangwi juu ya kila traki. Tengeneza traki moja ya mwangwi na upeleke humo kiasi kidogo kutoka kwa kila ala, ili wanamuziki wote wasikike wako ukumbi mmoja. Upe mwangwi wa sauti muda wa kusubiri wa milisekunde 20 hadi 40 kabla haujaanza, ili neno litoke kavu kwanza na mwangwi ulifuate, na kwenye traki yenyewe ya mwangwi kata kila kitu chini ya Hz 200. Besi na dramu ya mguu zisiingie humo kabisa.

Dilei, yaani mrudio wa sauti baada ya muda maalumu, hupimwa kwa mwendo wa wimbo: gawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Mwendo wa 100 unatoa 600, na nusu yake ni 300. Dilei ninaiweka mwisho wa mishororo tu, pale penye pengo, kwa sababu ikiendelea chini ya maneno, silabi za mshororo uliopita zitagongana na za mshororo unaofuata.

Wimbo ukiingia kwenye chemko, pale waimbaji wanapowaachia wapiga magitaa, inua solo kwa desibeli 1 au 2 na uongeze tumba kidogo. Mabadiliko hayo yaandikwe ndani ya programu ili yajirudie yenyewe kila unapopiga wimbo.

Hatua ya nane: kuuacha, kisha kuuhukumu

Lala. Kesho yake sikiliza kwenye simu, kwenye gari la rafiki, na kwenye spika ndogo iliyowekwa jikoni huku mtu akipika. Usiguse kompyuta wakati huo. Andika kwenye karatasi kila kinachokukera, na jambo litakalojirudia kwenye vifaa viwili au zaidi ndilo la kurekebisha. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo, asiwe mwanamuziki, naye aandike kiitikio kwa kadiri anavyokisikia. Makosa yake yatakuonyesha mahali hasa pa kurudi.

Hatua ya tisa: kumasta

Ondoa limita yoyote (kompresa kali isiyoruhusu sauti ivuke kikomo) iliyo kwenye traki kuu, toa faili moja ya WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya stereo yenye biti 24 na sampuli zilezile ulizorekodia, vilele vikiwa kati ya −6 na −3. Fungua mradi mpya wenye faili hiyo pekee pamoja na nyimbo zako za kulinganishia. Kuanzia hapa mabadiliko ni ya nusu desibeli au moja. Ukijikuta unataka kuongeza desibeli 4 za besi, rudi kwenye miksi, kwa kuwa masta haimsikilizi mpiga besi peke yake, inamsogeza kila mtu aliye jirani naye.

Mpangilio wa kutosha ni ikwalaiza nyepesi, kompresa yenye uwiano wa 1.5 kwa 1 inayopunguza desibeli 1 au 2, kisha limita, na mwisho kipimo cha ukubwa wa sauti. Kipimo kinachotumika siku hizi kinaitwa LUFS, kilichotokana na kanuni ya ITU namba BS.1770 ya mwaka 2006, na kinajaribu kupima ukubwa kama sikio linavyousikia badala ya kuangalia vilele tu. Spotify husawazisha nyimbo kwenye −14 LUFS kwa mpangilio wake wa kawaida, na Apple Music kwenye −16 msikilizaji akiwa amewasha usawazishaji. Ukipeleka wimbo uliokandamizwa mpaka −8, Spotify itaushusha kwa desibeli 6, nawe utabaki na dramu zilizopondwa bila kupata kelele uliyoitafuta.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoifanya −14 kuwa amri. Wimbo wa dansi ulio na tumba hai unakaa vizuri kati ya −12 na −10, na sehemu nyingine utapigwa mahali pasipo na usawazishaji wowote, kama vile faili iliyotumwa kwa WhatsApp. Pandisha limita mpaka usikie tumba zinaanza kupoteza mkono, kisha rudi nyuma desibeli moja na nusu, na hapo ndipo mahali pake, namba iwe yoyote. Dari ya limita iwe −1 kwa kipimo cha vilele halisi, kwa sababu faili inapobanwa kuwa MP3 au AAC vilele vipya huzaliwa, na vikikosa nafasi vinapasuka.

Toa matoleo mawili: WAV ya biti 24 kwa ajili ya wasambazaji wanaoipokea, na WAV ya biti 16 yenye sampuli 44,100. Kwenye hiyo ya pili washa ditha, ile kelele ndogo mno inayoongezwa makusudi ili kupunguza biti kusiache mikwaruzo kwenye mikia ya mwangwi. Kama ni nyimbo kadhaa za albamu moja, zipange mfululizo na ulinganishe ukubwa wa sauti ya mwimbaji kutoka wimbo hadi wimbo, kwa kuwa msikilizaji hupandisha na kushusha redio yake kwa kufuata sauti hiyo. Jaza jina la wimbo, la msanii na la mtunzi, pamoja na namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, ambayo msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida hukupatia.

Mwisho sikiliza faili yenyewe iliyotoka, kwa hedifoni, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Makosa ya kutoa faili hupenda kujificha kwenye sekunde ya kwanza, ambako pigo la kwanza huweza kuwa limekatwa, na kwenye sekunde kumi za mwisho, ambako mwangwi wa gitaa hukatishwa ghafla kwa sababu alama ya mwisho iliwekwa mapema. Sogeza alama hiyo mbele sekunde 3, toa faili upya, kisha nakili folda nzima pamoja na traki ghafi kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti.